Koki Iliyogharimu Kisigino

Hapo zamani, lakini si za kale sana, maana gauni nililovaa siku hiyo bado ninalo, palikuwa na nchi, na ndani ya nchi hiyo palikuwa na koki. Nchi siitaji. Jina lake linalindwa na sheria, na anayelitaja bila kibali hupelekwa kwa mkuu wa wilaya akalitaje tena kwa sauti nzuri zaidi. Koki naitaja kwa sababu ni yangu. Ilikuwa uani, karibu na banda la kuku, na wanawake wote wa mtaa walikuja kuteka hapo, kwa kuwa bomba la serikali lilipofika kwenye ua wangu lilichoka, likaishia hapo hapo.

Mimi ni Bi Kidawa. Mume wangu, marehemu Mzee Mbaruku, alikuwa fundi baiskeli. Watoto wa kuzaa hatukujaliwa, lakini mdogo wangu alipofariki alituachia mwanawe, Hashili, nikamlea tangu hajaota meno. Huyo Hashili ndiye leo Mheshimiwa Waziri wa Mitiririko na Unyevu. Mkisikia ninamtaja bila cheo, nisameheni. Nilimwogesha chini ya koki hiyo hiyo, na mtoto mwenye povu kichwani hana cheo.

Basi koki ikaanza kudondosha maji. Ukiifunga inadondosha, ukiikaza inadondosha zaidi, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Nikaweka ndoo chini yake. Jirani yangu Siwema, muuza vitumbua, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa maziwa, alikuja kuteka akasikia mlio ule.

"Bi Mkubwa, huo mpira wa ndani umekwisha. Kata kandambili kuukuu, uweke, yaishe."

"Siwema, mimi nina mtoto Waziri wa Mitiririko. Nikate kandambili?"

"Basi mwambie waziri aje na kandambili yake."

Tulicheka sana. Lakini akilini nilikuwa nimeshaamua. Tangu apate uwaziri, Hashili alikuwa hajafika nyumbani. Simlaumu, nchi ina unyevu mwingi na yote ni kazi yake. Ila kila wiki nilimsikia redioni akisema, "Mama yeyote ambaye koki yake inavuja, aje kwangu kabla hajaenda kwa fundi." Nikajua anasema na mimi. Koki ilikuwa sababu tu. Nilitaka kumwona mwanangu, nimpe uji wa mchele kama alivyoupenda, nione kama anakula vizuri.

Nikavaa gauni langu la sikukuu nikaenda wizarani.

*

Wizara yetu ni nzuri sana. Mlangoni kuna chemchemi ya marumaru ambayo haitoi maji, ili isiharibu marumaru. Msichana wa mapokezi alinipa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama, Mungu ambariki, kisha akaniuliza kwa upole:

"Bibi, maji yako yanapanda au yanashuka?"

"Yanadondoka, mwanangu."

Akahangaika. Kumbe kuna Idara ya Maji Yanayopanda, ghorofa ya chini, na Idara ya Maji Yanayoshuka, ghorofa ya juu. Nikapelekwa juu. Huko mkurugenzi alinieleza, bila haraka, kwamba tone likiwa bado limening'inia kwenye koki halijashuka, kwa hiyo si lake. Nikapelekwa chini. Wa chini akasema likishaning'inia halipandi tena, kwa hiyo si lake pia. Kila mmoja alinionyesha njia kwa mkono wake mwenyewe, na wa juu alinishika kiwiko kwenye ngazi.

Kitu kimoja nilikiona nikafurahi. Watumishi wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakitembea kwa namna moja: mguu wa kulia unakanyaga wote, wa kushoto unakanyaga kwa vidole tu, kisigino juu. Nikamuuliza tarishi, naye akanijibu kwa fahari, "Bibi, huu ni Mwendo wa Kiuongozi. Mheshimiwa anatembea hivi. Tumefundishwa semina nzima."

Mimi nikacheka kimoyomoyo, kwa sababu mwendo ule ninajua ulikotoka.

Hashili alipokuwa mdogo, koki hii hii iliwahi kuvuja. Ulikuwa mwaka wa shida, madukani hamna kitu. Mzee Mbaruku akajaribu mpira wa tairi, ukawa mgumu. Akajaribu wa tyubu, ukawa mwembamba. Hashili alikuwa amekaa kwenye kizingiti akimwangalia. Akavua kandambili yake ya kushoto, ya buluu, akampa. "Baba, kata ya kwangu. Mimi nitatembea kwa vidole." Mzee akakata kwenye kisigino, pale pale penye alama ya nyota ambayo Hashili aliichoma kwa msumari wa moto ili kandambili zake zisichanganyike na za wenziwe mlangoni mwa madrasa. Koki ikanyamaza. Mtoto akaenda madrasa kwa vidole mwaka mzima, na mguu ukazoea. Mtaa wote ulikuwa ukimpigia makofi akipita, na mimi nilikuwa nikimpa ukoko wa wali peke yake.

Sasa taifa zima lilikuwa linatembea kwa kandambili ya mwanangu. Nani asingefurahi?

*

Habari zilimfikia Hashili, naye akaja. Alikuja na magari mengi, bendi, na watu wa kamera. Alinikumbatia mbele ya kamera, halafu wapiga picha wakasema haikutoka vizuri, akanikumbatia tena. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Uji niliuweka mezani, lakini mlinzi wake alisema lazima uonjwe kwanza, akauonja, akaupenda, akaumaliza. Alinishukuru kwa adabu kabisa.

Hashili akapanda kwenye jukwaa walilolijenga juu ya mchicha wangu.

"Ndugu wananchi! Wakoloni walituachia koki. Je, walituachia ukavu?"

"Hapanaaa!"

"Tone hili mnaloliona si tone. Tone hili ni sera. Leo linadondoka kwa mama huyu, kesho litadondoka kwa mama yeyote. Serikali yenu sikivu haitakubali kulitengeneza hivi hivi, kienyeji, kama watu wasio na dira. Tutalitengeneza kitaifa!"

Watu wakashangilia. Siwema alininong'oneza, "Bi Mkubwa, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja na spana?" Nikamkanya anyamaze.

Jiwe la msingi likawekwa kati ya koki na banda la kuku. Ua wangu ukazungushiwa mabati, ukaitwa Eneo la Mradi, na wanawake wa mtaa wakakatazwa kuingia mpaka koki ipone. Wakawa wanakwenda kuteka bondeni, kwenye kisima cha maji ya chumvi. Hawakunilaumu. Kila asubuhi wakipita na ndoo zao walikuwa wakinisalimia kupitia tundu la mabati: "Shikamoo, Bi Mkubwa! Mwanao hajambo?" Nami nilikuwa nikijibu hajambo, anakuja karibuni.

*

Basi mradi ukaendelea kwa kasi. Ujumbe ukasafiri kwenda nchi za baridi kujifunza jinsi koki za huko zinavyonyamaza. Walikaa msimu mzima. Waligundua kwamba koki za huko hazivuji kwa sababu maji yameganda ndani ya bomba, wakarudi na pendekezo kwamba nchi yetu nayo igandishwe. Pendekezo likapelekwa kwa wadau. Hawakunisahau lakini: mjumbe mmoja aliniletea taulo jeupe la hoteli, laini ajabu. Ninalitumia mpaka leo.

Fulana zikachapishwa zenye picha ya koki yangu. Wimbo ukatungwa. Siku ya bajeti msemaji alisoma redioni gharama ya kutengeneza koki ya Bi Kidawa, na sifuri zilikuwa nyingi hata ikabidi apumzike katikati, wakapiga muziki, akaendelea na zilizobaki. Zilikuwemo posho za kukaa, posho za kusimama, mafuta ya magari, mahema, na ushauri wa washauri wa washauri. Nilisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kipande cha mpira hakikutajwa.

Na koki ikaendelea kudondosha maji. Ikawa inasikika vizuri zaidi, maana uani hapakuwa na mtu mwingine wa kupiga kelele.

Halafu siku moja Mtukufu Kiongozi mwenyewe, akiwa anakata keki kwenye sherehe fulani, aligeuka akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Hivi ile koki ya yule bibi, bado?"

Wanasema kisu kilibaki ndani ya keki. Wanasema mawaziri wote waliokuwepo walikanyaga chini visigino vyote viwili kwa mara ya kwanza. Kufika jioni Tume ya Kuchunguza Tone ilikuwa imeundwa, na sheria ikasemwa wazi redioni: kama koki haikuharibika yenyewe, basi kuna mhujumu, na kama hakuna mhujumu, basi ni uzembe wa waziri.

*

Tume ikaja na fundi, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kuigusa koki yangu tangu mradi uanze. Akaifungua. Ndani yake akatoa kipande kidogo cha mpira, cha buluu, kimechakaa pembeni. Wajumbe wakarudi nyuma wote pamoja.

"Kitu kigeni," akasema Mwenyekiti wa Tume, Profesa Kanali Ngwatura, akakishika kwa leso. "Kitu kigeni ndani ya miundombinu ya taifa."

Asubuhi ya kuhojiwa kwangu, kabla watu hawajajaa, gari la Hashili lilisimama nyuma ya mabati. Aliteremka peke yake. Safari hii hapakuwa na kamera, naye akanishika mikono yote miwili.

"Mama, usiogope. Watakuuliza maswali. Wewe sema ukweli tu. Mimi nitakuwepo."

"Umekonda, Hashili. Unakula?"

"Nakula, Mama. Sema ukweli tu."

Nikamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Mikono yake ilikuwa ya baridi, lakini sikufikiri lolote. Nilikuwa na furaha kwamba amekuja kweli, bila bendi.

Hema la Tume lilijaa. Wanawake wa mtaa waliruhusiwa kuingia kwa sababu walihitajika watu wa kushangaa. Profesa Kanali Ngwatura akakiweka kile kipande juu ya mto mwekundu.

"Bibi, kitu hiki kiliingiaje ndani ya koki?"

"Kiliwekwa na marehemu mume wangu, mwanangu. Koki ilikuwa inavuja, akaitengeneza."

"Kwa idhini ya idara gani?"

"Kwa idhini yangu. Nilikuwa nimechoka kusikia mlio."

Siwema akacheka, akatolewa nje.

"Na kitu chenyewe ni nini hasa?"

"Ni kisigino cha kandambili."

Hema lote likaguna. Mwandishi wa Tume akauliza kandambili inaandikwaje kwa lugha ya kitaalamu, akaambiwa aache nafasi. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikamtazama Hashili, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kirefu upande wa kulia, nikamtabasamia, nikasema, "Mheshimiwa Waziri anakijua. Muulizeni yeye."

Profesa Kanali akageuka taratibu. "Mheshimiwa Waziri, kwa heshima zote. Unakijua kitu hiki?"

Hashili akaletewa ule mto. Akakichukua kile kipande. Mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo niliona ambacho hema zima halikukiona: kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye ile nyota, bila kuitafuta, kikaisugua mara moja.

"Sikijui," akasema.

"Na bibi huyu?"

"Namfahamu kama ninavyowafahamu wananchi wote."

Nje ya hema nilimsikia Siwema akipiga yowe kama aliyefiwa. Hashili akaomba maji ya kunywa. Wakamletea ya chupa, akajaribu kuifungua, ikamshinda. Dereva wake, bwana mmoja mtu mzima mwenye mvi aitwaye Kombora, akainama akamfungulia.

Profesa Kanali akanirudia. Nadhani na yeye aliingiwa na huruma, maana sauti yake ilipungua. "Bibi, kama kandambili hii ni ya mtu, mtaje aje athibitishe, na wewe utakuwa huru. Ilikuwa ya nani?"

Nikafikiri. Ningeweza kusema. Nyota ilikuwepo, mguu wake ulikuwepo chini ya meza, na wanawake waliompigia makofi wakati ule walikuwa wamekaa nyuma yangu wakinisubiri nifungue mdomo. Lakini nilimwona anavyoishika ile chupa, kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akishika kikombe cha uji.

"Ilikuwa ya mtoto mmoja niliyemlea," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Alikwenda mjini kusoma. Bado hajarudi."

*

Hukumu ilikuwa ya huruma sana. Mhujumu mwingine angefungwa. Mimi koki yangu ilitaifishwa tu, ikapelekwa mahali pa kuhifadhia mambo ya aibu ya taifa, na ukutani kwangu ikaamriwa paandikwe MHUJUMU WA MAJI kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Kijana mpaka rangi alikuwa mwema mno. Aliniuliza ningependa rangi gani. Nikamwambia yoyote isiyowatisha kuku. Akachagua kijani, akaandika kwa mwandiko mzuri, na mwishoni akachora ua dogo, kwa gharama yake mwenyewe.

Mradi ukatangazwa kuwa umefanikiwa, kwa sababu koki inayovuja haikuwepo tena. Kwenye mdomo wa bomba waliziba kwa gunzi la muhindi. Hashili akapandishwa cheo, sasa ni waziri wa vitu vingi zaidi.

Mabati yakaondolewa. Siku ya kwanza hakuja mtu kuteka, nami nikasema moyoni, wana haki, nani atateka kwa mhujumu? Siku ya pili nikasikia hodi. Ni Siwema, na nyuma yake mtaa mzima na ndoo zao. Akalitazama lile gunzi.

"Hii ndiyo koki ya taifa?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

"Wamejitahidi," akasema. Kisha akatoa ndani ya khanga koki moja kuukuu, iliyokuwa kwenye nyumba ya mama yake kabla haijabomolewa. "Hii nzima, ila ndani haina mpira. Na mimi kandambili zangu, Bi Mkubwa, zimeisha mpaka natembelea ardhi."

Zangu zilikuwa hivyo hivyo. Tukazunguka mtaa mzima tukiangaliana miguu.

Tuliporudi uani tukaona gari likisimama. Akateremka Kombora, yule dereva, akaja kwa Mwendo wa Kiuongozi mpaka uani, akanipa kifurushi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi. Kuna mtu amenituma. Amesema nisiseme ni nani."

"Marahaba, baba. Mwambie nimepokea."

Nikafungua. Kandambili mpya, za buluu. Nikaziweka chini nikajaribu, zikanienea sawasawa. Alikuwa anakumbuka saizi ya mguu wangu. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Pale kwenye hema sikuwa nimelia. Siwema akanishika bega.

Kisha nikamwomba Kombora asiondoke kwanza, nikammiminia chai. Nikaingia ndani nikachukua kisu cha jikoni. Nikavua ile ya kushoto, nikakata kisigino kwa mduara kama nilivyomwona Mzee Mbaruku akikata. Siwema akang'oa gunzi, maji yakaturukia usoni, wanawake wakapiga vigelegele, tukafunga koki na mpira wake. Nikaikaza. Tukangoja wote tukiitazama. Haikudondosha hata tone.

Kazi yote iliisha kabla chai ya Kombora haijapoa.

Nikaichukua ile kandambili iliyobaki bila kisigino, nikaifuta matope kwa lile taulo la hoteli, nikaifunga kwenye karatasi yake ile ile.

"Mpelekee aliyekutuma," nikamwambia. "Mwambie Mama anauliza: na hii, unaijua?"

Kombora akaipokea. Aliutazama ukuta wangu, akaitazama koki, akaweka kikombe chini polepole. Akaenda mpaka kwenye gari akiwa ameishika kifuani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga chini wote.